Nabii wa kweli anapimwa kwa kipimo gani? Jibu kwa msomaji aliyekwama kwa Yona

Swali: Mwalimu, shikamoo. Mimi ni Mkristo na dada yangu ameolewa na Mwislamu. Shemeji ni mtu mwema na tunaelewana, ila tukifika kwenye habari za manabii tunaishia kununiana. Juzi nilimsomea Kumbukumbu la Torati 18, kwamba nabii ambaye neno lake halikutimia hakutumwa na Mungu. Akaniuliza, "Na Yona je? Si alisema Ninawi utaangamizwa baada ya siku 40? Uliangamizwa?" Nikakosa la kusema. Akaongeza, "Sisi tunamwamini Musa, tunamwamini Isa, tunawaamini wote. Nyinyi mnamkataa Muhammad. Nani mbaguzi hapo?" Naomba unieleze: nabii wa kweli anajulikana kwa lipi, na kwa nini hatukubaliani? Halafu lingine linanisumbua: nikisema "Mtume Muhammad" kama watu wote wasemavyo, nimeikana imani yangu?

Jibu: Marahaba, binti yangu. Nikuambie mapema nilipo: mimi ni Mkristo kama wewe, lakini Qur'ani nilifundishwa na masheikh walionivumilia miaka mingi bila kunishurutisha nisilimu, na deni lao utaliona humu. Nianze hapo hapo ulipokwama.

Shemeji yako alikubana vizuri, ila hoja ya Yona ni msumeno, hukata mbele na nyuma. Yona, ambaye Waislamu humwita Yunus, ni nabii wake pia. Sura ya 10 ya Qur'ani, aya ya 98, inasema kwamba kaumu ya Yunus walipoamini, adhabu iliondolewa juu yao. Kwa hiyo hata kwake yeye adhabu iliyokaribia haikufika, na Yunus akabaki nabii wa kweli. Kwa upande wako, Yeremia 18 inaitoa kanuni yenyewe: Mungu akinena juu ya taifa kuling'oa na kuliangamiza, nalo likageuka na kuuacha uovu wake, naye huyaacha aliyokusudia kulitenda. Na Yona alilijua hilo kuliko mtu yeyote. Soma sura yake ya 4. Analalamika kwamba ndiyo sababu alikimbilia Tarshishi, kwa kuwa alijua tangu mwanzo kwamba Mungu ni mwenye rehema na watu wale watasamehewa. Nabii anayeonya anawaita watu warudi. Wakirudi, onyo limefanya kazi iliyotumwa.

Lakini usiondoke na ushindi huo mdogo. Kilichokukwamisha ni kwamba ulichukua kipimo kimoja kati ya vingi ukakitumia kama rungu, na kipimo chenyewe ni kigumu kukitumia kuliko kinavyoonekana. Tukae kidogo na Yeremia 28, sura ambayo ningependa kila anayebishana juu ya manabii aisome polepole.

Tuko Yerusalemu, hekaluni, mwezi wa tano. Yeremia ana nira ya mti shingoni, ishara kwamba taifa litainama chini ya mfalme wa Babeli. Anatokea Hanania mwana wa Azuri, mtu wa Gibeoni. Naye ananena kwa jina la Bwana yule yule, kwa mtindo ule ule wa manabii: ndani ya miaka miwili vyombo vya hekalu vitarudishwa, na waliochukuliwa uhamishoni watarudi. Makuhani na watu wote wanasikiliza. Yeremia anajibu nini? Anasema Amina, Bwana na afanye hivyo. Kisha anakumbusha tu kwamba manabii waliotangulia walitabiri vita na mabaya na tauni, na kwamba anayetabiri amani atajulikana siku neno lake litakapotokea. Hanania anaitoa ile nira shingoni mwa Yeremia na kuivunja mbele ya watu. Na Biblia inasema, nabii Yeremia akaenda zake.

Jiweke pale uwanjani. Wanaume wawili, wote wanaitwa nabii (maandiko ya Kiebrania hayamwongezei Hanania neno "wa uongo"), wote wanasema "Bwana asema hivi". Mmoja ana habari njema na ujasiri, mwingine ameondoka kimya. Kipimo cha kutimia kwa neno hakikusaidii kitu siku hiyo. Hanania alikufa mwezi wa saba wa mwaka ule ule, kama Yeremia alivyorudi kumwambia, lakini nira ilipokuwa inavunjika hakuna mtu uwanjani aliyekuwa na uthibitisho mkononi.

Ndiyo maana Torati haikuishia kwenye sura ya 18. Sura ya 13 inakwenda mbali zaidi na inatisha: akitokea nabii akatoa ishara, na ishara ikatimia kweli, kisha akasema tuifuate miungu mingine, usimsikilize. Yaani hata muujiza wa kweli hautoshi. Yesu naye anaonya katika Mathayo 24 kwamba manabii wa uongo watatoa ishara kubwa, na katika Mathayo 7 kwamba watu hao mtawatambua kwa matunda yao. Waraka wa kwanza wa Yohana unaagiza roho zijaribiwe, na kipimo unachokitaja ni kukiri kwamba Yesu Kristo amekuja katika mwili. Paulo anawaambia Wagalatia kwamba hata malaika kutoka mbinguni akihubiri injili nyingine, na alaaniwe. Wakristo wa mwanzo kabisa walikuwa na kanuni za kawaida mno pia. Kijitabu cha kale kiitwacho Didake, yaani Mafundisho ya Mitume Kumi na Wawili, kinasema mgeni anayejiita mtume akikaa siku tatu nyumbani kwa watu ni nabii wa uongo, na akiomba fedha wakati wa kuondoka ni nabii wa uongo. Sijui kama kuna kanuni ya kanisa iliyosahaulika kwa hasara kubwa kuliko hiyo.

Ukivikusanya vipimo hivyo, utaona vinakutana mahali pamoja: neno jipya linapimwa kwa neno lililotangulia. Na kwa Mkristo neno lililotangulia limekwisha kuwa mtu. Waebrania inaanza kwa kusema kwamba Mungu zamani alisema na baba zetu kwa manabii, na mwisho wa siku hizi amesema nasi katika Mwana. Kwa hiyo yeyote anayekuja baada ya hapo anaulizwa swali moja kabla ya mengine yote: unasemaje juu ya Yesu, na kufa kwake, na kufufuka kwake? Qur'ani inajibu swali hilo waziwazi. Sura ya 4, aya ya 157, inasema hawakumuua wala hawakumsulubu. Aya ya 171 ya sura hiyo hiyo inamwita Masihi Isa mwana wa Maryamu Mtume wa Mwenyezi Mungu na neno lake, na inakataza kusema "watatu". Kwa kipimo cha Kikristo, basi, kesi imekwisha kabla hata hatujaanza kuangalia mwenendo wa Muhammad. Wakristo wengi hawalioni hili. Wanaanza kutafuta mabaya katika maisha yake, kana kwamba angekuwa na maisha mengine wangemkubali. Wasingemkubali. Ni bora kusema ukweli huo kuliko kumchafua mtu ambaye jirani yako anampenda kuliko wazazi wake.

Sasa upande wa shemeji.

Kwa Mwislamu, manabii wote walibeba ujumbe mmoja. Sura ya 21, aya ya 25, inasema hakuna mtume aliyetumwa kabla ila alifunuliwa kwamba hapana mungu isipokuwa Mimi, basi niabuduni. Kila umma ulipelekewa mtume wake. Qur'ani inawataja 25 kwa majina, na inasema wazi kwamba wapo wengine ambao habari zao hazikusimuliwa. Mtoto wa madrasa anazikariri sifa nne za mtume ambazo hana budi kuwa nazo: sidki, yaani ukweli, amana, yaani uaminifu, tablighi, yaani kuufikisha ujumbe bila kuficha, na fatana, yaani werevu. Zitazame sifa hizo. Zote zinamhusu mtu mwenyewe, kama mjumbe anayestahili kuaminiwa. Kwa hiyo Mwislamu anapotaka kukuonyesha kwamba Muhammad ni nabii, hakupeleki kwanza kwenye utabiri. Anakupeleka kwenye tabia yake.

Kuna habari mbili ambazo shemeji yako huenda akakusimulia, na zote mbili zimo katika mkusanyo wa Bukhari wa hadithi, yaani masimulizi ya maneno na matendo ya Mtume. Ya kwanza ni ya Hirqal, mfalme wa Warumi. Ilikuwa wakati wa suluhu kati ya Mtume na Maquraishi, kabila lake la Makka, na Abu Sufyan, ambaye siku hizo alikuwa bado mpinzani wa Uislamu, alikuwa safarini Sham kibiashara. Hirqal akamwita, akawasimamisha wenzake nyuma yake, akawaambia akidanganya mmkanushe. Kisha akamuuliza juu ya Muhammad: nasaba yake ikoje kwenu? Yupo aliyedai hivyo kabla yake? Wanaomfuata ni wakubwa au wanyonge? Wanaongezeka au wanapungua? Mliwahi kumtuhumu uongo kabla hajasema haya? Je, huvunja ahadi? Anawaamuru nini? Abu Sufyan anakiri kwamba, lau si haya ya kuogopa wenzake wamsimulie kuwa mwongo, angemdanganya mfalme. Hirqal anahitimisha kwamba mtu asiyewazulia watu uongo hawezi kumzulia Mungu. Hata ukiisoma kama Mkristo asiyeitegemea kihistoria, inakuonyesha Mwislamu anatazama wapi anapopima.

Ya pili inanigusa zaidi. Mwaka wa 10 wa Hijra alikufa Ibrahim, mtoto mchanga wa Mtume, na siku hiyo jua likapatwa. Watu wakasema limepatwa kwa sababu ya kifo cha Ibrahim. Mtu mwenye kutafuta sifa angenyamaza tu. Asingehitaji hata kusema uongo, watu walikwisha kumfanyia kazi. Yeye, akiwa na msiba wa mwanawe, akawaambia kwamba jua na mwezi ni ishara katika ishara za Mwenyezi Mungu, havipatwi kwa kufa wala kuishi kwa mtu yeyote. Mkristo hawezi kuisikia habari hiyo kwa haki bila kukiri kwamba inasema kitu juu ya ukweli wa mtu.

Juu ya tabia kuna muujiza. Wanachuoni wa Kiislamu wanatofautisha muujiza wa nabii, karama ya walii, na sihiri ya mchawi, na wanauona muujiza mkubwa wa Muhammad kuwa Qur'ani yenyewe: sura ya 2, aya ya 23, inawataka wenye shaka walete sura moja mfano wake. Lakini hapa pia usidhani Waislamu wote wametundika imani yao kwenye muujiza. Al-Ghazali, mwanachuoni mkubwa wa Kiislamu aliyefariki mwaka 1111, aliandika kwamba yakini juu ya unabii isitafutwe katika fimbo kugeuka nyoka wala mwezi kupasuka, kwa maana ukiuangalia muujiza peke yake huenda ukadhani ni sihiri. Alisema ukitaka kujua kama mtu ni tabibu, jifunze utabibu kidogo usome alichoandika. Vivyo hivyo, ukionja yale ambayo nabii anayafundisha, ukayatenda, utamjua. Linganisha hilo na "mtawatambua kwa matunda yao". Mimi nayaona maneno hayo mawili kuwa ndugu, japo hayakutoka nyumba moja.

Sasa rudi kwenye swali la nani mbaguzi. Mwislamu akimtazama Isa kwa kipimo chake, Isa anafaulu bila taabu: aliita watu kwa Mungu mmoja, alitenda miujiza, alikuwa mkweli, alizaliwa na bikira. Kisichofaulu ni yale Wakristo wanayoyasema juu yake, kwamba ni Mwana wa Mungu aliyesulubiwa kwa ajili ya dhambi. Hayo yamekataliwa kabla hata Injili ya Marko haijafunguliwa, kama sisi tulivyomaliza kesi ya Muhammad kabla ya kumfungulia faili. Isa ambaye shemeji anamkubali, basi, siye Yesu unayemkiri wewe Jumapili. Mwambie hivyo kwa upole: "Shemeji, mimi nikisema namkubali Muhammad kama kiongozi aliyewatoa watu katika masanamu, utaridhika?" Hataridhika, naye ana haki. Basi na wewe una haki ya kutoridhika na Isa asiye na msalaba. Kila mmoja anampokea wa mwenzake kwa masharti ya nyumbani kwake. Tunapima kitambaa kwa pishi na nafaka kwa dhiraa, halafu tunashangaa mahesabu hayatoki.

Lakini usilichukulie pendo lake kwa Isa kuwa hila ya mjadala. Sura nzima ya 19 ina jina la Maryamu, na yeye ndiye mwanamke pekee aliyetajwa kwa jina lake katika Qur'ani yote. Watu hawatunzi heshima ya namna hiyo karne baada ya karne kwa ajili ya kubishana.

Lugha yetu nayo inatuponza, na hili sijaona likisemwa vya kutosha. Kiswahili kimewapa Wakristo na Waislamu maneno yale yale kwa vitu tofauti. Ukisema "mitume", Mkristo anamwona Petro, Yohana na Paulo, watu waliotumwa na Yesu. Mwislamu anawaona Nuhu, Musa, Isa na Muhammad, watu waliotumwa na Mungu na ujumbe. Ukisema "Injili", wewe unafikiria habari ya maisha ya Yesu iliyoandikwa na Mathayo au Luka. Yeye anafikiria kitabu alichoteremshiwa Isa. "Roho Mtakatifu" kwako ni Mungu. Kwake, kwa wafasiri wengi, ni malaika Jibrili. Nimewahi kuwasikiliza watu wawili wenye elimu wakibishana karibu saa nzima kama Paulo alikuwa mtume, na hakuna hata mmoja aliyesimama kuuliza, mtume kwa maana ipi?

Tofauti nyingine kubwa, ambayo kwa maoni yangu ndiyo inayouma zaidi, ni dhambi za manabii. Mwislamu akisoma katika 2 Samweli 11 kwamba Daudi alilala na mke wa Uria kisha akapanga Uria auawe vitani, hasomi historia, anasikia tusi. Kwake nabii ni kiigizo. Mungu atamtumaje kiigizo ambaye ukimwiga unaingia motoni? Kwa hiyo kuna fundisho la isma, yaani manabii wamehifadhiwa: wanachuoni wanakubaliana kwamba wamehifadhiwa na ukafiri na katika kuufikisha ujumbe, ingawa wamejadiliana sana juu ya makosa madogo. Angalia Qur'ani inavyofanya na habari hizo. Katika Kutoka 32 Haruni ndiye aliyetengeneza ndama wa dhahabu. Katika sura ya 20 aliyewapoteza watu ni Msamiri, na Haruni aliwakataza. Katika 1 Wafalme 11 wake wa Sulemani wanaugeuza moyo wake kwa miungu mingine; sura ya 2, aya ya 102, inasema Suleiman hakukufuru.

Mkristo anaisoma habari ya Daudi kwa macho mengine kabisa. Anamtazama nabii Nathani. Mtu mmoja anaingia kwa mfalme aliyekwisha kuua ili kuficha siri, anamsimulia habari ya maskini mwenye mwana-kondoo mmoja aliyekuwa akila katika kitonge chake, na mfalme anapowaka hasira anamwambia, "Wewe ndiwe mtu huyo." Kazi ya unabii ndiyo hiyo hasa. Na kitabu ambacho hakikuficha aibu ya mfalme wake mpendwa kinaonekana, kwetu, kuwa kitabu cha kuaminika. Mungu aliiweka hazina yake katika vyombo vya udongo. Aliwahi hata kusema kwa kinywa cha Balaamu, mtu ambaye Agano Jipya linamkumbuka kwa kupenda ujira.

Lakini twende kwa haki mpaka mwisho. Sura ya 80 inaanza kwa kumkemea Mtume mwenyewe: alikunja uso akageuka, kwa sababu alijiwa na kipofu. Alikuwa anazungumza na wakubwa wa Maquraishi, na Abdullah bin Ummi Maktum akaja kutaka kufundishwa. Wafasiri wa Kiislamu hawaiiti dhambi. Wanasema aliacha lililo bora zaidi. Sawa. Ila hoja ile ile tunayoitumia kwa Daudi, kwamba kitabu kinachomlaumu mtu wake hakikutungwa kwa kumpendelea, Waislamu nao wana haki ya kuitumia hapo. Nilipoonyeshwa hilo na sheikh wangu mmoja, sikuwa na jibu, na mpaka leo sijalitafuta. Na sisi nasi haja ya mtu asiye na dhambi si ngeni kwetu: Waebrania 4 inasema Yesu alijaribiwa sawasawa na sisi bila kufanya dhambi. Wao wamewapa manabii wote ulinzi ambao sisi tumeuona ukamilifu wake kwa mmoja tu.

Juu ya aya za utabiri nitapita haraka, maana ndizo zinazobishaniwa sana na kuzaa matunda machache. Kumbukumbu la Torati 18 ina ahadi ya nabii kama Musa "kutoka miongoni mwa ndugu zao". Waislamu wanasema ndugu wa Israeli ni wana wa Ishmaeli, na kwamba Muhammad, aliyeleta sheria, akahama, akaongoza watu wake vitani, anafanana na Musa kuliko Yesu. Wakristo wanasema sura ya 17 ya kitabu hicho hicho inatumia neno "ndugu" kwa Mwisraeli kinyume cha mgeni, na kwamba Petro katika Matendo 3 aliielekeza ahadi hiyo kwa Yesu. Kwa maoni yangu muktadha unawaelekea Waisraeli, lakini usimcheke anayesema vingine: sura ya 2 ya kitabu hicho cha Torati inawaita wana wa Esau ndugu wa Israeli. Kuhusu Msaidizi aliyeahidiwa katika Yohana 14, ambaye Waislamu wengi husema ni Muhammad, nina uhakika zaidi. Dai kwamba neno la Kigiriki parakletos lilikuwa periklytos, "mwenye kusifiwa", halina hata hati moja ya kale inayoliunga mkono, na Yohana 14:26 inamtaja Msaidizi kuwa Roho Mtakatifu. Mwislamu anaamini Isa alimbashiri Ahmad, yaani Muhammad, kwa sababu sura ya 61, aya ya 6, inasema hivyo, na hiyo kwake inatosha. Hana haja ya kubadilisha herufi za Yohana ili aamini.

Na mwisho wa unabii? Sura ya 33, aya ya 40, inamwita Muhammad khatamu wa manabii, yaani wa mwisho wao, na Waislamu walilitetea hilo tangu mwanzo kabisa, walipopigana na Musaylima aliyedai unabii huko Yamama. Ndiyo maana shemeji yako anashtuka anaposikia kanisani kuna mtu aitwaye "nabii". Mweleze kwamba Paulo, katika 1 Wakorintho 14, anazungumzia karama ndani ya kanisa, na anaagiza manabii wanene wawili au watatu na wengine wapambanue. Mtu huyo haleti kitabu wala sheria, na wanaomsikiliza wana amri ya kumpima. Kama hawampimi, mshtuko wa shemeji una msingi.

Nimebakiza la jina. Karibu mwaka 782, Baghdad, khalifa al-Mahdi alimuuliza Patriaki Timotheo wa Kwanza wa Kanisa la Mashariki swali lako hili hili: unasemaje juu ya Muhammad? Timotheo aliishi chini ya utawala wa huyo anayemuuliza, na siku ya kwanza alikwisha kumwambia waziwazi kwamba hakuona ushuhuda juu ya Muhammad katika Injili. Siku ya pili akajibu kwamba Muhammad alikwenda katika njia ya manabii: manabii walifundisha Mungu ni mmoja, naye alifundisha hivyo; manabii waliwatoa watu katika uovu na masanamu, naye alifanya hivyo. Hakusema ni nabii. Hakusema ni wa uongo. Khalifa akamwambia basi ukubali ujumbe wake wote, na Timotheo akabaki alipokuwa. Kisha akampa mfano wa lulu iliyoanguka usiku katika nyumba yenye giza: mmoja ameipata, wengine wameshika vijiwe na vigae, na kila mmoja anafurahi kwamba lulu iko mkononi mwake mpaka kutakapokucha. Zaidi ya miaka elfu moja baadaye, mwaka 1965, Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulipoandika juu ya Waislamu kwa heshima, ulitaja sala zao, sadaka na funga zao, na heshima yao kwa Yesu na Mariamu. Juu ya Muhammad ulinyamaza. Swali lako ni gumu, binti yangu; wakubwa wamelikalia kimya.

Kwa hiyo, ukisema "Mtume Muhammad" katika mazungumzo ya Kiswahili, unalitaja jina ambalo anajulikana kwalo, kama Mwislamu anavyosema "Yesu Kristo" bila kukiri yote unayoyakiri wewe katika neno Kristo. Shahada ya Kiislamu ina maneno yake na nia yake, na huwezi kuitamka kwa bahati mbaya mezani. Shemeji akikuuliza unamaanisha nini, usimzungushe. Mwambie, "Nalisema kwa heshima yako na ya dada, kuwa ametumwa na Mungu sijakiri, na sababu ni Yesu, wala si ubaya wowote niliosikia juu yake." Kisha mwombe akusomee sura ya 80, nawe umsomee Yeremia 28.